Usinga Katika Biblia ya Mama Milembe

Biblia ikipelekwa kwa fundi viatu, jueni imesomwa kweli. Ile inayokaa kabatini imefunikwa kitambaa cha kufuma haikuja kwangu hata siku moja. Zilizokuja kwangu zilikuja mgongo umeachia, Mwanzo inaning'inia, Ufunuo umebaki nyumbani chini ya godoro, na mwenyewe kaishika kwa mikono miwili, hataki hata kuiweka mezani pangu.

"Fundi, inapona hii?"

"Weka hapo. Tutaona."

Nyie vijana wa kwaya mlikuja hapa Misunkumilo Jumapili iliyopita, mkamaliza chai yangu na karanga zangu zote, halafu mkasema, "Babu Gervas, tuandikie kuhusu kazi yako na Neno." Mmoja wenu, simtaji, alikuwa anachezea simu wakati nazungumza. Nikamuuliza anafanya nini, akasema anasoma Biblia. Nikachungulia. Ulikuwa mpira. Haya, mimi sina ugomvi na Biblia ya simu. Haichaniki, hailiwi na panya, na kama ingefika Mpanda mapema ningekufa njaa. Ila niliyojifunza nilijifunzia kwenye karatasi, kwa hiyo nitawasimulia ya karatasi.

Nimeshona viatu pale sokoni miaka thelathini na kitu, mpaka vidole vikagoma. Makatambuga ya wafugaji, raba za wanafunzi, viatu vya harusi vya kuazima vilivyong'oka kisigino siku yenyewe ya harusi. Biblia zilikuja zenyewe tu, maana mtu akitafuta sindano nene na uzi wa nailoni anakuja kwa fundi viatu. Kazi hiyo haina chuo. Nilifundishwa na Mzee Thadeo, Mfipa mmoja mfupi, fundi wa kweli, hakuwa na maneno mengi, na akiyatoa hayo machache unatamani angenyamaza.

Gundi ya viatu usiitie kwenye Biblia. Inashika leo, kesho kutwa inakauka inakuwa ngumu, ukifungua kitabu mgongo unapasuka kama ganda la karanga. Sisi tulipika uji mzito wa unga wa muhogo kwa maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini. Uzi tunaupitisha kwenye nta ya nyuki, na nta huku kwetu haijawahi kuwa shida. Sindano inafuata mashimo yale yale ya zamani. Hutoboi mapya, kwa sababu karatasi ya Biblia ni nyembamba na ikitobolewa mara mbili inachanika mstari mzima.

Mwaka wangu wa kwanza niliona habari ya mwarobaini ni mambo ya wazee tu, nikapika uji mtupu. Biblia ya mzee mmoja wa kanisa ikatoka imenyooka, mwenyewe akanishukuru mpaka nikavimba kichwa. Wiki mbili baadaye akairudisha. Panya walikuwa wameumaliza mgongo na kuingia ndani mpaka kitabu cha Kutoka. Mzee Thadeo akaitazama, akanitazama na mimi, akasema, "Umewapikia." Hakusema lingine siku nzima.

Kulikuwa na jambo jingine alilolirudia mara nyingi kuliko hilo la gundi. Alisema Biblia si kiatu. Kiatu mteja anataka kirudi kipya, lakini Biblia anataka irudi ile ile. Kwa hiyo kila ilipokuja Biblia, kabla hajaigusa kwa kisu wala sindano, Mzee Thadeo alimuuliza mwenyewe, "Kuna kitu chako humu?" Mimi niliona anapoteza muda. Alipofariki akaniachia meza, sindano na kigoda, na lile swali nikalizika pamoja naye.

Sasa niwaambie aibu yangu. Miaka hiyo nilizijua Biblia za nusu ya mji huu. Nilijua ya nani inajifungua yenyewe kwenye Zaburi, na ya nani Mambo ya Walawi bado kurasa zimegandana tangu kiwandani. Nilijua nani analia akisoma, maana chozi linaacha duara kwenye karatasi. Yangu mwenyewe, niliyopewa siku ya kipaimara, ilikuwa imelala kwenye sanduku, nzima kabisa, haina hata kunjo. Kanisani nilikwenda, siwadanganyi. Ila nilikuwa mtu wa hasira za karibu, nagombana na wateja, na kaka yangu Kasiano aliyeko Kabungu tulikuwa hatujasalimiana miaka saba kwa ajili ya shamba la baba. Tukikutana msibani, mmoja anakaa upande huu na mwingine upande ule. Nilishona Neno la Mungu mchana kutwa, jioni nakwenda nyumbani na kinyongo changu.

Ndipo akaja Mama Milembe.

Alikuwa mjane wa Kisukuma wa kule Kakese. Yeye na mumewe, Mzee Masanja, walishuka na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga wakiwa bado vijana, wakakaa huku moja kwa moja. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alileta maziwa mjini, kwa hiyo nilimjua sura. Siku hiyo, wiki mbili hivi kabla ya Pasaka, aliweka ndoo ya maziwa chini, akafungua khanga, na ndani ya khanga kulikuwa na Biblia iliyoachana vipande vipande.

"Mjukuu ameiangusha," akasema. "Nimeviokota tu hivyo vilivyokuja. Fundi, nishonee irudi."

Nilikuwa na viatu vya Pasaka hadi chini ya meza. Sikumuuliza kitu. Nilipoishika ile Biblia baadaye nikaona, kumbe huyu mama anaifanya stoo! Humo kulikuwa na unyoya wa kuku, kijiti cha kiberiti, ganda la hindi, uzi mwekundu, na takataka nyingine sizikumbuki. Kulikuwa na unywele mrefu mweupe wa mkia wa ng'ombe, ule tunaouita usinga. Nikavikung'uta vyote chini. Kona zilizokunjwa nikazinyoosha kwa pasi ya mkaa niliyoazima kwa jirani yangu fundi cherehani. Nikapanga vipande kwa namba za kurasa, nikashona, nikatia jalada jipya la ngozi nyeusi. Jioni nikafagia chini pamoja na mabaki ya soli, nikachoma, kama nilivyofanya kila siku. Nilijisifu moyoni kwamba hata Mzee Thadeo hakuwahi kutoa kazi safi namna ile.

Ijumaa akaja. Akaipokea kwa mikono miwili, akaifungua, akapitisha kidole ukingoni mwa kurasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaigeuza, akapitisha tena. Mimi nasubiri sifa.

"Fundi, vitu vyangu viko wapi?"

"Vitu gani, mama?"

"Vilivyokuwa humu."

"Aa, ule uchafu? Nimekusafishia. Na hiyo ni bure."

Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Hakulia, hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza, maana kugombana nilikujua.

"Mimi sijui kusoma, fundi," akasema.

Akanieleza. Mzee Masanja ndiye aliyejua kusoma. Kila asubuhi, kabla ya kufungulia ng'ombe, alikaa kwenye gogo pembeni ya zizi akasoma kwa sauti, mkewe akimsikiliza huku anakamua. Hakusoma kwa mpangilio, alisoma hapa na pale kama ng'ombe anavyokula. Wakikutana na habari waliyoipenda wote wawili, alitia kitu cha kufanana nayo ili mkewe aweze kuipata peke yake. Kijiti cha kiberiti kilikuwa kwa wale vijana watatu waliotupwa motoni wasiungue. Unyoya ulikuwa kwa Petro, siku jogoo alipowika. Ganda la hindi lilikuwa kwa Yusufu na maghala yake, na uzi mwekundu kwa yule mwanamke wa Yeriko aliyeufunga dirishani. Tangu Masanja afariki, miaka minne, kila asubuhi Mama Milembe alifungua penye kitu, akaweka mkono juu ya maneno, akajisimulia habari yote, kisha akaenda kukamua. Siku mtoto wa shule akipita, alimwita amsomee.

"Na usinga?" nikauliza. Nilikuwa tayari naogopa jibu.

Usinga ulikuwa wa mahali waliposimama. Ulihama kila siku. Wiki ile ya mwisho Mama Milembe alikuwa Inyonga kwa binti yake aliyejifungua, na Masanja akabaki anasoma peke yake. Aliporudi jioni, mumewe alimpokea amechangamka sana. Alimwambia, "Nimefika mahali pazuri sana. Nimekuwekea usinga. Kesho tutaendelea hapo." Asubuhi mzee hakuamka.

"Miaka minne hujamwambia mtu akusomee hapo?"

"Niliogopa. Pakisomwa pale, basi, Masanja atakuwa hana tena la kuniambia." Akaishika ile ngozi yangu nyeusi. "Sasa nimepapoteza."

Wanangu, nimeshawahi kujidunga sindano ya viatu ikatokea upande wa pili wa kidole. Haikuuma hivyo. Nilitazama chini ya meza nilipofagia, nikatazama pale nilipochomea, majivu hata hayakuwepo. Ningekuwa sijapiga pasi, labda usinga ungekuwa umeacha alama kwenye karatasi. Nilikuwa nimepiga pasi vizuri mno.

Wikiendi ile sikulala vizuri. Jumatatu alipokuja nikawa nimeshapanga uongo wangu. Nikamwambia, "Mama, nimekumbuka! Usinga ulikuwa kwenye ile Zaburi ya mchungaji na kondoo wake. Niliuona kwa macho yangu."

"Hiyo Masanja amenisomea mara mia, tena kwa sababu ya ng'ombe wetu. Angechangamka nayo kama mgeni?"

Fundi cherehani akaacha kukanyaga mashine ili asikie vizuri.

"Nimekudanganya, mama," nikasema. "Nisamehe. Sijui ulikuwa wapi. Nimekuharibia, na sijui nifanye nini."

"Unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi soma yote," akasema. "Ukisoma yote, lazima utapita hapo."

Alisema kama anayeniagiza kubadilisha soli. Nikafikiri anatania. Akaivuta ndoo yake, akaikalia, akanipa Biblia, na mimi Gervas, mtu mzima, mwenye viatu kumi na vinne vinavyosubiri, nikafungua Mwanzo nikaanza.

Mwezi wa kwanza soko zima lilinicheka. Muuza dagaa akipita ananiita "Mchungaji wa Kandambili." Wateja walisimama na mguu mmoja peku wakisubiri nimalize sura. Mimi mwenyewe nilisoma vibaya, nakwama kwenye majina, sauti inakwaruza. Nilipanga kusoma wakati gundi inakauka, na nikagundua gundi inakauka upesi kuliko Ibrahimu anavyosafiri. Tena nilikuwa sijui chochote. Nilipotaka kumtafutia mapema yule mwanamke wa uzi mwekundu, nilianza na Waraka kwa Warumi, kwa kuwa nilisikia habari ya ukuta na askari nikaona ni Warumi hao hao. Mwinjilisti wetu, aliyekuja kuchukua viatu vyake, aliinama akacheka mpaka akashika meza. Halafu akanionyesha Yoshua.

Tulipofika kwenye vizazi, fulani akamzaa fulani, nikaona hapa Mungu mwenyewe ananiruhusu. Nikageuza karatasi mbili kwa pamoja, taratibu, sauti haikutetereka.

"Umeruka," akasema Mama Milembe.

"Sijaruka."

"Karatasi ya Biblia ina sauti, fundi. Umegeuza mbili."

"Mama, ni majina tu! Mzee wako aliposema pazuri sana, alikuwa na maana ya majina ya watu waliokufa?"

"Masanja alikuwa mfugaji. Aliweza kukutajia mama wa ng'ombe mpaka kizazi cha saba. Soma."

Nikasoma. Tangu siku hiyo hatukuruka kitu. Tulisoma vipimo vya hema, dhiraa kwa dhiraa, na mimi nikaanza kuvifurahia kwa kuwa ni fundi. Tulisoma sheria za ukoma. Nilikuwa namuuliza kwa utani, "Hapa je, ni pazuri sana?" Anajibu, "Si pabaya. Endelea."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipokamatwa. Jumatano moja, tukiwa bado Mwanzo, tulifika pale Yakobo anaporudi nyumbani baada ya miaka mingi, anamwogopa kaka yake Esau aliyemdhulumu, ametanguliza zawadi mbele, anatembea huku anainama. Na Esau anakuja mbio, anamkumbatia, wanalia wote wawili. Nilisoma mpaka hapo. Machozi yakadondoka kwenye ukurasa. Nikaona duara linatokea, lile lile nililoliona kwenye Biblia za watu miaka yote.

Mama Milembe akaniona. Akasema, "Leo tusimame hapo."

Kesho yake sikufungua meza. Nilipanda bodaboda mpaka Kabungu. Kasiano alikuwa anapalilia karanga kwenye shamba lile lile tuliloligombania. Akaniona kwa mbali, akasimama ameshika jembe, na mimi sikujua lile jembe ni la kulima au la kunipokelea. Nikatembea. Sikuwa na hotuba. Nilisema, "Kaka, shikamoo." Shikamoo hiyo ilikuwa haijasemwa miaka saba. Akaweka jembe chini. Akasema, "Marahaba, mdogo wangu. Umekonda." Tulilima wote mpaka saa saba, mkewe akatuletea ugali, na habari ya mpaka wa shamba hakuna aliyeitaja mpaka leo. Nililala huko. Nilirudi mjini na gunia la mihogo na mabega mepesi.

Kabla ya hapo, mtu angeniuliza Biblia ina maana gani kwangu, ningemwonyesha mshono. Baada ya Kabungu nilianza kusoma yangu ya sandukuni, asubuhi, kabla ya chai, ili kujua mapema nitakayomsomea mama, na pia kwa sababu nisiposoma siku inakaa upande. Mke wangu alikuwa wa kwanza kugundua. Alisema, "Siku hizi hugombani na mlango." Wateja nao wakaanza kuniuliza kama naumwa.

Mvua zikaja zikapita, tukalima, tukavuna, zikaja tena. Tulipoufikia uzi mwekundu, fundi cherehani mwenyewe, yule jirani yangu, alikata uzi kwenye bobini yake akauleta. Kijiti cha kiberiti tulipewa na mama lishe. Siku ya unyoya, muuza kuku alitaka kutupa kuku mzima kwa furaha, tukamwambia Petro unyoya unamtosha. Kila kitu kilichorudi mahali pake, Mama Milembe alikipapasa mara mbili, kisha anafunga kitabu anakishika kifuani. Mnaweza kusema ni mambo madogo. Mimi nilikuwa naona mtu anajengewa nyumba upya, tofali kwa tofali, na mimi ndiye niliyeibomoa.

Nikisoma, nilipitisha ncha ya sindano chini ya maneno ili nisipotee mstari. Sikuwa na nia ya kumfundisha mtu. Lakini yeye alikaa ubavuni kwangu mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, macho yake yakifuata ile ncha. Siku moja akaweka kidole. "Hili ni Bwana."

"Ndiyo, ni Bwana."

"Na hili. Na hili tena. Yupo kila mahali huyu."

Baadaye akalijua neno Yusufu, kisha mama, maji, njia. Ukimwona anavyokamata neno jipya, utafikiri amemshika ndama aliyetoroka. Ilifika siku nikasoma "akaenda," akanigusa mkono akasema hapo hapajaandikwa akaenda, pameandikwa akaondoka. Nikatazama. Kweli. Nilimtazama yeye, na yeye akajitazama mikono yake. Muuza dagaa akauliza kumetokea nini, nikamwambia mama anasoma. Kuanzia hapo nilimwachia mstari wa kwanza wa kila sura. Halafu ikawa sura nzima, polepole, kwa lafudhi yake ya Kisukuma, na mimi nikarudi kwenye viatu vyangu nikiwa nasikiliza. Miaka yote nilikuwa sijawahi kusomewa tangu marehemu mama yangu.

Mvua za tatu zilipokuwa zinaisha, zilibaki kurasa mbili za Ufunuo. Habari zilikuwa zimezagaa. Ijumaa ile walikuja wauza mboga, mama lishe aliacha sufuria, mwinjilisti alikuja amevaa viatu nilivyomshonea, na kaka yangu Kasiano alitoka Kabungu kwa baiskeli. Muuza dagaa, aliyeniita Mchungaji wa Kandambili, alisimama mbele kabisa amevua kofia.

Alisoma Mama Milembe. Alisoma habari za mji ule mpya, na mto, na mti wenye majani ya kuponya, kidole chake kikitembea chini ya kila neno. Alikwama mara mbili tu. Alipofika kwenye neno la mwisho kabisa alilisoma, akalisoma tena, akafunga kitabu. Vigelegele vilivyopigwa pale sokoni, nadhani stesheni walisikia. Mimi nililia waziwazi, sikujificha, na wala sioni haya kuwaandikia.

Kelele zilipotulia nikainama karibu naye. Lile swali lilikuwa linanila miaka yote mitatu. "Mama, tumeyapita yote. Ni wapi? Lile pazuri sana la mzee ni wapi?"

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka namna hiyo.

"Fundi, mwanzoni nilikuwa natafuta. Leo nasema ni hapa, kesho nasema hapana, ni hapa. Nimesema hivyo mpaka nimechoka kuhesabu. Masanja hakunidanganya. Sijui alisimama wapi, lakini nimepita hapo kwa miguu yangu mwenyewe."

Akafungua ncha ya khanga alipofungia vitu vyake. Akatoa usinga mweupe, mpya. Alisema ni wa dume mmoja, mjukuu wa ng'ombe ambaye Masanja alimpenda. Nilidhani atautia pale mwisho, kama kumbukumbu. Aligeuza kitabu chote, akarudi mbele kabisa, akaulaza Mwanzo, ukurasa wa kwanza. Akanitazama.

"Kesho tutaendelea hapa," akasema.

Nyie mlitaka niseme faida ya Biblia katika maisha ya Mkristo. Mahubiri siyajui, najua kushona. Lakini nimeona mama aliyedhani kifo kimemfungia mlango, naye akaupita mlango huo akisoma. Nimeona shamba la Kabungu likilimwa na ndugu wawili. Na mimi, mtu wa hasira, nimezeeka na marafiki. Msiiweke kabatini. Na nyie wa simu, isomeni kwenye simu, ila msiruke. Mnadhani mnaruka majina ya watu waliokufa, kumbe hujui mtu aliyekupenda alikuwekea nini hapo.

Na ukipewa kitu cha mtu ukitengeneze, uliza kwanza, "Kuna kitu chako humu?" Mzee Thadeo, popote ulipo, nimekusikia sasa.

Nataka kuishia hapa, si kwamba maneno yamekwisha. Mama Milembe yuko, amepita miaka themanini, na macho yamechoka, kwa hiyo sasa ni mimi ninayekwenda Kakese, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tunaipita mara ya nne. Bodaboda ameshapiga honi mara mbili nje, na mama hapendi kucheleweshwa. Juzi tuliweka usinga kwenye vizazi, majina matupu kurasa tatu nzima, na nimeshamwomba, kwa heshima zote na uzee wangu huu, turuke kidogo. Amekataa.